Vidonge vya bakteria na mgonjwa wa nyumbani



Ndugu Waislamu, kila fedha za korosho zinapoingia mikononi mwa watu, wauzaji wa vidonge vya lishe nao huingia, tangu Mtwara mjini na Mikindani hadi Msimbati na Kilambo, karibu na mto Ruvuma. Miongoni mwa bidhaa zao zimo kapsuli ziitwazo probiotiki, zinazodaiwa kuondoa gesi, choo kigumu, kukosa usingizi, huzuni na hata wazimu. Wengi huuliza kama ni halali. Naona liko swali la kutangulia hilo: je, mgonjwa ameachishwa dawa ya hospitali ili anunuliwe kapsuli?

Probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humnufaisha mwenye kuvitumia. Hivyo ndivyo walivyoeleza wataalamu wa FAO na WHO mwaka 2001. Baadhi ya aina zake husaidia mtu asiharishe anapotumia antibiotiki. Hata hivyo, mwaka 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilipopitia tafiti zilizokuwepo hakikuzipendekeza kwa maradhi mengi ya tumbo. Ama kuhusu akili, ni kweli kwamba utumbo na ubongo huwasiliana, na majaribio kwa wenye sonona yametoa dalili njema. Lakini mengi ni madogo, na nafuu imeonekana zaidi kwa wale walioendelea na dawa zao. Hilo muuzaji halisemi.

Bibi Aisha (R.A) amesimulia, katika Bukhari, kuwa Mtume (S.A.W) aliisifu talbina, uji wa shayiri, kwamba humtuliza mgonjwa na kumwondolea baadhi ya huzuni. Zingatieni: baadhi. Na ni yeye huyo aliyeamrisha watu watafute tiba. Mzazi anayemwachisha kijana wake ghafla dawa za akili au kifafa hana hoja katika Hadithi hiyo. Maradhi huweza kurudi kwa ukali, na kifafa huua. Anayetaka kubadili dawa na amrejee daktari wake, Ligula au kwingineko.

Isitoshe, bakteria hai hufa kwa joto. Kapsuli iliyokaa miezi kadhaa chini ya bati la Mtwara yaweza kuwa unga mtupu. Tena si salama kwa kila mtu: mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha juu ya kuwapa watoto njiti.

Tukija kwenye uhalali, tazameni ganda. Kapsuli nyingi ni za jelatini, na jelatini hutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe. Wanachuoni wametofautiana kuhusu kitu kilichogeuka asili yake, lakini katika madhehebu ya Shafii, tunayoifuata wengi pwani hii, kugeuka huko hakukitakasi kilichotokana na nguruwe. Wala hapa hakuna dharura, maana zipo kapsuli za mimea, na kipo chakula.

Mwaka 2004 kina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mwanza, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada, walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria aina ya Lactobacillus rhamnosus GR-1. Nayo togwa yetu ilichunguzwa hapa Tanzania: matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa uji uliochachushwa hivyo walipungukiwa na vijidudu vya kuharisha katika choo chao. Gharama yake ni unga, kimea na subira ya usiku mmoja. Msiichemshe tena ikishachacha, kwani mtawaua bakteria wenyewe.

Na msiiweke mno. Ibn Abbas (R.A) amesimulia, katika Muslim, kuwa Mtume (S.A.W) akirowekewa zabibu hakuzidisha siku tatu, kilichobaki hakukinywa. Togwa ikianza kulevya imekuwa pombe, hata ikiwa ndani ya kikombe cha mtoto.