Mashine Haioni Plastiki

Nimekuwa kimya kidogo, na sababu ni hii: hapa mtaani kwetu Nyeri tingatinga lilikuwa likichimba mtaro kando ya barabara. Likakata faiba asubuhi, na kabla ya saa sita likapasua bomba la maji. Nikakaa siku mbili bila intaneti na tatu bila maji, na programu ya mteja iliyotakiwa Ijumaa ikafika Jumatatu. Lakini sikuja kulalamika (sawa, kidogo tu). Nataka kuzungumzia ile mashine waliyokuja nayo mafundi kutafuta vilivyozikwa, kwa sababu watu wengi pale walidhani ndiyo dawa. Siyo.

Mashine ina sehemu mbili. Transmita inakaa chini: waya wake mmoja unabanwa kwenye bomba la chuma au kebo, mwingine unafungwa kwenye chuma kilichopigwa ardhini kama kigingi. Inatuma mkondo mdogo wa masafa maalumu, tuseme kilohezi 8 au 33. Mkondo ukipita kwenye metali unazungukwa na uga wa sumaku, yale mambo ya fizikia ya sekondari. Risiva ni kama fimbo yenye koili ndani, na fundi anatembea nayo ikisikiliza masafa hayo tu. Akiwa juu ya laini mlio unapanda, akipita unashuka. Kwa kuwa koili ziko mbili, moja juu ya nyingine, mashine inalinganisha nguvu ya ishara katika kila moja na kukupa kina. Kebo ya stima yenye mzigo haihitaji hata transmita, inanguruma yenyewe kwa hezi 50.

Nilimfuata fundi kama mtoto anayefuata gari la matangazo. Akaniambia huku Nyeri udongo una unyevu, kwa hivyo kigingi kinashika vizuri. Akienda Nanyuki au Kieni wakati wa kiangazi hubeba mtungi wa maji wa kumwagia kigingi, la sivyo mkondo haupiti. Pia masafa ya juu hurukia laini za jirani, kwa hivyo unaweza kufuata bomba la watu wengine mita hamsini ukijiona bingwa.

Basi, kebo ya stima tukaipata. Bomba kuukuu la chuma tukalipata. Bomba lililopasuka ni la plastiki: fundi alitaka kujua linaelekea wapi ili afunge upande wa juu, na mashine ikanyamaza kabisa. Plastiki haipitishi umeme, hakuna mkondo, hakuna uga. Faiba nayo ni kioo, na kama kebo yake haina ganda la chuma ndani, ni kimya vilevile. Kuna rada ya ardhini ambayo inaweza kuona plastiki, ila udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi ukiloa unameza mawimbi yake. Jaribu mwezi wa nne uone.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mstaafu aliyekuwa kibarua bomba lilipolazwa. Alikuja na mkongojo, akatazama, akasema, "Kijana wangu, chimba pale, hatua nne kutoka kwa mti wa avokado." Fundi akajibu, "Asante mzee," akachimba, na valvu ikawa pale pale.

Kila mtu alifurahi. Mimi niliogopa. Kwa lugha ya kazi yangu, hiyo ni data yote kwenye seva moja, haina nakala, na seva yenyewe inakaribia miaka themanini.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kaunti zinunue mashine zaidi. Kwanza wazike kitu ambacho mashine inaweza kusikia. Dawa yake ni ya zamani na rahisi: unapolaza bomba la plastiki, lalia waya wa metali juu yake, miisho itokeze kwenye kijisanduku cha kufungia transmita. Mtaro tayari uko wazi, gharama kubwa ya kuchimba umeshalipa. Kila barabara inapopanuliwa, kama ile ya Kenol kupitia Sagana hadi Marua yenye kilomita 84, nafasi hiyo inafunguliwa na kufukiwa tena.

Mtaniambia waya wa shaba utaibiwa. Ni kweli, nchi hii tunaijua. Januari 2022 serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za stima kuanguka na nchi kuingia gizani. Lakini kuna waya wa chuma uliopakwa shaba kwa nje tu. Unapitisha ishara vizuri, na kwa muuza vyuma hauna bei ya maana.

Pili ni ramani, na hapo watu wa kompyuta hatuna kisingizio. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka na vifaa vya GPS wakaichora mitaa yao kwenye OpenStreetMap. QGIS ni ya bure. Simu hukosea mita kadhaa, najua, kwa hivyo pima pia kwa futi kutoka kwenye nguzo au kona ya jengo, si kutoka kwenye mti. Ule mwavokado ukikatwa tumekwisha. Na ramani ya stima na maji isiachwe wazi kwa kila mtu, iwe kwa mamlaka husika na mwenye kibali cha kuchimba. Marekani mchimbaji hupiga 811, namba moja kwa nchi nzima tangu 2007, na wenye laini wanakuja kuweka alama kabla jembe halijagusa ardhi.

Jumamosi hii nimepanga na mzee. Atatembea kutoka valvu ya juu hadi ya chini, nami nitamfuata na simu, futi na kopo la rangi. Amesema tuanze saa mbili, jua likipanda miguu yake haimruhusu.