Kikokotoo Nilichomtengenezea Mwanangu

Kuna wazee wenzangu wasemao kwamba michezo ya kompyuta ni kazi ya wavivu. Mimi sikubaliani nao hata chembe, na sababu yangu ni mchezo uitwao Factorio, uliobuniwa mjini Prague katika Jamhuri ya Cheki, ambao toleo lake kamili lilitoka mwaka wa 2020. Mchezaji ameanguka na chombo chake katika sayari ngeni, naye hana budi kujenga kiwanda, kuanzia kuchimba chuma kwa mkono mpaka kurusha roketi. Mvivu hafiki huko.

Ugumu wake ni hesabu. Saketi moja ya kijani huhitaji bamba moja la chuma na nyaya tatu za shaba. Mashine ya daraja la kwanza hutengeneza saketi moja kwa sekunde, hali mashine kama hiyo itengenezayo nyaya hutoa mbili tu. Ukiweka moja kwa moja, ile ya saketi italala njaa. Ni lazima uweke tatu za nyaya kwa mbili za saketi. Tena huo ni mwanzo tu, maana kuujaza mkanda mmoja wa manjano kwa mabamba ya chuma kwataka tanuri 48 za mawe!

Mwanangu alikuwa akizifanya hesabu hizo nyuma ya daftari lake la Jiografia. Alikosea, akabomoa, akajenga upya. Nikamwonea huruma. Kwa jioni tatu nilikaa nikaunda kikokotoo: waandika kitu ukitakacho na idadi yake kwa dakika, nacho chakujibu mashine ngapi, tanuri ngapi, shaba kiasi gani. Nilijiona fundi kwelikweli, ingawa nilisahau kwamba bamba moja la shaba hutoa nyaya mbili, hata kikokotoo kikawa chadai shaba maradufu. Mtoto ndiye aliyeligundua kosa hilo siku ya kwanza, kichwani tu, bila karatasi.

Alikitumia juma moja, kisha akauacha mchezo. Nilipomwuliza sababu akanijibu, "Baba, sasa najenga tu kile ninachoambiwa."

Vikokotoo vya Factorio vipo tele, vya bure, wala sivilaumu. Mtu arudiye kazini amechoka, mwenye saa moja tu ya kujiburudisha, na avitumie. Wale wasemao kwamba ni udanganyifu wanatia chumvi. Lakini wale wasemao kwamba ni kifaa tu kama nyundo nao siwaafiki, kwani katika mchezo huu hesabu ndiyo mchezo wenyewe. Zile jioni tatu nilikuwa nikicheza mimi. Muwa niliutafuna peke yangu, mtoto nikamwachia makapi.

Mwezi uliopita nilikifuta mbele yake. Akaniuliza kama naweza kumwonyesha jinsi nilivyokiandika. Sasa tumefika kwenye nyaya za shaba, naye hataki niiguse kibodi.