Mashine Haimkadirii Mgeni Asiyehesabiwa

Mtahiniwa, katika mada ya utalii umezoea kutaja faida na changamoto. Jiulize pia: mkoa unajuaje mapema kwamba mwezi fulani wageni wataongezeka? Siku hizi kompyuta hufundishwa kwa takwimu za miaka iliyopita, kama vile idadi ya wageni kila mwezi, mvua, likizo na nauli za ndege. Hutafuta mwenendo unaojirudia, kisha hukadiria miezi ijayo. Ili kuipima, hufichwa takwimu za mwaka wa mwisho, ikakadiria, na jibu lake likalinganishwa na idadi halisi.

Serengeti inafaa kwa kazi hiyo. Nyumbu huvuka Mto Mara takriban Julai hadi Oktoba, na watalii huwafuata. Hata hivyo, mashine ni kama mwanafunzi anayekariri mitihani iliyopita: swali jipya humkwamisha. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa wapatao milioni 1.5. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipozuia safari, walishuka hadi 620,000 hivi. Mwenendo wa nyuma haukuonyesha anguko hilo.

Kwa maoni yangu, Mara ina tatizo kubwa zaidi ya hilo. Mtalii anayeingia hifadhini kwa lango la Ndabaka hulipa kiingilio na huhesabiwa. Je, aliyelala Musoma ili ale sato na kuliona ziwa? Je, aliyefika Butiama kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere, kisha akala chakula kwa mama lishe? Jina lake likibaki kwenye daftari la nyumba ya wageni tu, kompyuta haitamwona. Ikilishwa takwimu za lango peke yake, itasema mahitaji yako hifadhini tu, na fedha za barabara, hoteli na mafunzo zitaelekea huko.

Wapo watakaosema teknolojia hii ni ghali. Programu nyingi za aina hii hupatikana bure. Kinachohitajika ni nidhamu ya kuandika kila siku, kwa miaka, mgeni ametoka wapi, amelala siku ngapi na amefuata nini, kisha kujumlisha hesabu hizo wilayani.

Kwa hiyo ukiulizwa namna ya kukuza utalii, usiishie kwenye "kutangaza vivutio". Andika pia "kutunza takwimu za wageni", na utoe mfano wa Musoma au Butiama.