Cherehani Zilihama, Chama Kikabaki

Sisi wa pwani twaijua Tabaka, kule Kisii, kwa vinyago vya mawe ya sabuni vilivyojaa maduka ya watalii Mombasa. Wanaume huchonga, akina mama huosha na kupiga msasa. Nilipopita huko, mama mmoja aliniambia binti yake alilikimbia vumbi la mawe, akaja kwetu kushona suruali katika kiwanda cha EPZ. Nikamuuliza kama yumo katika chama cha wafanyakazi. Akacheka. Mkataba wenyewe ni wa miezi mitatu.

Ndugu msomaji, kazi ya binti huyo ina historia. Mwaka 1900 washonaji wa nguo za kike mjini New York, wengi wao wahamiaji, walianzisha chama chao, ILGWU. Mwaka 1909 maelfu ya wasichana waligoma. Machi 25, 1911 kiwanda cha Triangle kilishika moto huku mlango mmoja wa kutokea umefungwa kwa kufuli. Wakafa watu 146. Hapo ndipo sheria za usalama kazini zikaanza kubadilishwa.

Chama hicho kilifika hadi Kenya. Maida Springer, mshonaji mzaliwa wa Panama aliyejiunga nacho miaka ya thelathini, alikuwa rafiki wa Tom Mboya, akasaidia kuanzisha chuo cha ushonaji na ukataji nguo Nairobi miaka ya sitini. (Wangapi kati yetu tumefundishwa jina lake shuleni?)

Baadaye nguo za kutoka nje ziliua kazi Marekani, na mwaka 1995 ILGWU ikaungana na chama kingine. Kazi ikahamia Asia, kisha kwetu pia: sheria ya EPZ ya 1990, halafu AGOA ya 2000 iliyoondoa ushuru.

Chama cha washonaji tunacho, na Katiba, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga. Ugumu uko kwenye hesabu. Sheria ya 2007 yamlazimu mwajiri kukitambua chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga. Kwa mikataba mifupi, nusu inayopatikana Juni huyeyuka Septemba, na anayejiunga aogopa kutoitwa tena.

AGOA ilipofikia kikomo Septemba 2025, tulisikia sana idadi ya ajira zilizo hatarini. Urefu wa mikataba yao sikuusikia. Wabunge wetu wa pwani waanzie hapo: aliyeitwa tena kiwanda kile kile mara ya tatu ahesabiwe mfanyakazi wa kudumu.