Sauti ya Pili: Televisheni ya Kebo ya Analojia na Nafasi ya Lugha

Historia ya televisheni ya kebo nchini Marekani aghalabu huelezwa kama historia ya picha. Husimuliwa jinsi, kuanzia mwaka 1948, wakazi wa miji iliyozibwa na milima, kama vile Mahanoy City katika Pennsylvania, walivyopelekewa picha kwa waya kutoka antena moja iliyosimikwa mahali pa juu. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yana upungufu. Makala haya yanadai kwamba, kwa mwanaisimu, urithi muhimu zaidi wa teknolojia hiyo umo katika sauti.

Waya uliobeba picha ulibeba pia redio. Katika mpangilio wa mawimbi wa Marekani, chaneli ya 6 iliishia megahezi 88 na chaneli ya 7 ilianzia megahezi 174. Ndani ya pengo hilo ndimo ilimokuwa bendi ya FM, yaani megahezi 88 hadi 108, na kampuni nyingi za kebo ziliitumia kupeleka majumbani stesheni za mbali. Waliokuwa na huduma hiyo hukumbuka waya uliogawanywa: ncha moja katika televisheni, nyingine katika redio. Stesheni ya WFMT ya Chicago, iliyoanza kusambazwa kwa setilaiti mwaka 1979, iliwafikia wasikilizaji wa miji mingine kwa njia hiyo. Vivyo hivyo, MTV ilipoanza tarehe 1 Agosti 1981, televisheni za majumbani hazikuweza kutoa sauti ya stereo; kwa hiyo sauti hiyo ilipitishwa katika FM. Mtazamaji alitazama chombo kimoja akasikiliza kingine. Kumbe picha na sauti si pacha wasiotengana.

Mwaka 1984 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliidhinisha mfumo wa stereo wa televisheni uliokuwa na mkondo wa ziada wa sauti, ulioitwa SAP. Kiufundi, mkondo huo ulikuwa hafifu kuliko sauti kuu. Kiisimu, ulikuwa na uzito mkubwa, kwani lugha mbili sasa ziliweza kuandamana na picha moja bila kugombana. Mwaka 1989 HBO ilianza kutoa filamu zake kwa sauti ya Kihispania, na mwaka 1990 kituo cha WGBH cha Boston kilianzisha huduma ya kuwasimulia wasioona yale yanayotendeka katika picha. Hata hivyo, si kila mtambo wa kebo uliupitisha mkondo huo, na vipindi vingi havikuwa na chochote cha kuujaza. Ni dhahiri, basi, kwamba nafasi ya kiufundi peke yake haiipi lugha matumizi.

Funzo hilo linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na mfumo wa dijitali ulioyarithi unaweza kubeba mikondo kadhaa ya sauti kwa kipindi kimoja. Huenda ikadaiwa kwamba tafsiri iliyoandikwa chini ya picha inatosha. Dai hilo halina mashiko, kwani tafsiri ya maandishi humtaka mtazamaji awe msomaji, tena msomaji mwepesi. Mtoto mdogo, mzee asiyejua kusoma na asiyeona huachwa nje. Isitoshe, kazi ya Lufufu, msimulizi maarufu wa filamu wa Dar es Salaam, ilithibitisha kwamba hadhira ya Kiswahili huipenda sauti ya pili hata inapotoka kwa mtu mmoja mwenye kipaza sauti.

Kwa hiyo idara za Kiswahili hazina budi kufundisha tafsiri ya kusikilizwa, ambayo vipimo vyake ni pumzi, lafudhi na mwendo wa midomo, wala si urefu wa mstari. Wasimamizi wa utangazaji nao wanapaswa kuweka kiwango cha vipindi vinavyotakiwa kuwa na sauti ya Kiswahili. Mkondo mtupu haujazwi na mafundi mitambo. Hujazwa na wenye lugha.