Mashine ya Kukatia Majani Penye Mteremko

Ndugu mkulima, kabla hujatoa fedha dukani, nenda kwanza ukautazame mteremko wa kiwanja chako. Jirani yangu aliuza ng'ombe wawili akanunua mashine ya kuketi juu yake. Juma la pili ilipinduka ukingoni mwa tuta. Bahati yake aliruka. Kwa maoni yangu, penye mteremko mkali yafaa ile nyepesi ya kusukuma, nayo ipite ikiukingama mteremko. Ukiipandisha nawe uteleze, itakurudia na visu vyake. Uliza pia habari za oili, kwani injini nyingine zikiinama sana hukosa oili na kukwama. Ya betri haina taabu hiyo. Na kingo za matuta? Slasha yatosha, wala usikate hadi udongo uonekane, mvua isije ikauchukua.