Kona Isiyoshiba Dawa

Safu ya Mwanaisha Bakari

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mwanangu kujifunza kuogelea kwenye bwawa la shule moja hapa Mombasa. Upande wa pampu maji yalikuwa yanang'aa. Kona ya mbali, penye kina kifupi wanapoanzia wadogo, vigae vilikuwa na utelezi wa kijani. Mtunza bwawa aliniambia kila jioni humwaga klorini ya ziada pale pale. "Kona hii haishibi, mama."

Haishibi kwa sababu haifikiwi. Klorini huua vijidudu pale ilipofika tu, na kinachoifikisha ni mzunguko wa maji. Pampu huyavuta kupitia tundu la chini na skima za ukingoni, huyapitisha kwenye chujio, kisha huyarudisha kwa vitundu vya ukutani. Mafundi wengi, ili kubana gharama, hulaza bomba moja jembamba na kuchomoa vitundu kimoja baada ya kingine. Maji hufuata njia nyepesi: kitundu cha kwanza hububujika, cha mwisho hudondosha. Tena kipenyo cha bomba kikipunguzwa nusu na maji yakabaki kiasi kile kile, ukinzani huongezeka takriban mara 32. Hapo hakuna pampu kubwa ya kukuokoa, labda ya kukuongezea bili ya umeme.

Bomba kuu liwe pana. Au lizungushwe bwawa zima kama mshipi, ncha zikutane, ili kila kitundu kilishwe kutoka pande mbili. Valvu husaidia kusawazisha, lakini haipanui bomba jembamba.

Upande wa kunyonya ndio unaoniogopesha zaidi. Penye tundu moja tu la chini, mwili wa mtoto ukiliziba, nguvu yote ya pampu humshika yeye. Marekani walijifunza kwa msiba: mwaka 2002 Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka 7, alinaswa na tundu la namna hiyo akafa maji. Sheria ya mwaka 2007 yenye jina lake ililazimisha mabwawa ya umma kuweka vifuniko visivyonasa mtu.

Kwa hiyo namwomba mhandisi wa kaunti asipitishe bwawa la shule wala la hoteli kabla hajayaona mabomba kwa macho, zege halijamwagwa. Vigae vikishabandikwa, kosa limezikwa. Na wewe mwenye bwawa, siku ya kukabidhiwa dai kipimo cha rangi: itiwe kwenye maji yanayorudi, msimame ukingoni mtazame inavyosambaa. Ikibaki kona ambayo rangi haijaifikia, fundi hajamaliza kazi. Usimlipe salio lake.

Mwanangu nilimtoa majini. Alilia, maana wenzake walikuwa bado wanacheza kwenye kona ile ile.